Avokado ya Jumamosi

Musyoka ni dereva wa kreni bandarini, mtu wa kuinua makontena, lakini jikoni kwake hata chumvi hakujua inakaa wapi. Mimi jirani yake hapa Buxton nilimcheka sana kwa hilo. Kisha Janet mkewe akaugua moyo, daktari akamkataza chumvi, mahamri, viazi karai na kila kilichopita kwenye mafuta, na mzee mzima akajifunza kupika.

Chakula chenyewe hakikuwa na makuu. Alichoma vipande viwili vya mkate kwenye kikaango kikavu, akaponda avokado kwa uma, akakamulia ndimu, akapaka. Siku za mwanzo aliunguza mkate hadi moshi ukaingia kwangu, nami nikatoka na maneno yangu. Janet alikula ule mkate ulioungua bila kulalamika, akanikonyeza. Baadaye Musyoka akawa fundi, kufumba na kufumbua sahani iko kitandani.

Avokado alizinunua Makadara kila jioni akitoka kazini, kwa Mejumaa muuza matunda. Mejumaa huuliza kila mteja swali lile lile: wataka ya leo au ya kesho? Ya leo imeshaiva, ya kesho bado kidogo. Musyoka alichukua ya leo.

Mwezi uliopita Janet alivimba miguu, pumzi ikawa ya kuhesabu. Sheryl, binti yao anayefanya kazi Doha, akapata ruhusa ya kuja, ndege yake ikawa ya Jumamosi. Tangu hapo Janet alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, afike siku hiyo amwone mwanawe. Jumatatu akamtuma mumewe avokado ya Jumamosi. Mejumaa alicheka kusikia siku ya mbali hivyo, kisha akapekua mpaka chini ya gunia, akatoa moja ngumu kama jiwe. Janet aliifukia mwenyewe kwenye debe la unga, maana huko ndiko tunakoivishia.

"Hii ni ya Sheryl, usiiguse," akamwambia mumewe. "Tutakula naye."

Alhamisi alfajiri Musyoka aligonga ukuta wangu, nikajua Janet ametutoka kabla sijafungua mlango. Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi. Siku zilizobaki hazikuwa nyingi kiasi cha kumnyima.

Sheryl aliingia Jumamosi akakuta viti vya kukodi nje na kina mama wa kanisa wakipika. Kila sahani aliyoletewa aliirudisha. Musyoka akainuka, akaingia jikoni, nami nikamfuata. Akatia mkono kwenye debe. Avokado ilikuwa imeiva sawasawa, kama Janet alivyokadiria. Akachoma mkate, akaponda, akakamua ndimu, akampelekea mwanawe, mkono wa shati ukiwa bado na unga.

Sheryl akauma, akatafuna polepole.

"Baba, haina chumvi."

"Mamako haruhusiwi," Musyoka akasema.

Kopo la chumvi lilikuwa dirishani, karibu na mkono wangu. Sikuligusa. Sheryl alimtazama babake, kisha akala mpaka mwisho.