Nani Mwenyeji Jikoni kwa Bi Zuhura

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu, na kwa maneno nitakayoyaendeleza vibaya. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Naandika polepole. Mstari mmoja, halafu napumzika. Mbele za watu siwezi kusema hata haya machache, ndiyo maana nimeona heri niandike.

Tena mimi si mzee. Nasaha hutolewa na wazee, nami bado naitwa msichana. Maneno ya maana yaliyomo humu ni ya Bi Zuhura, mwenye mkahawa hapa Malindi karibu na soko la zamani. Yeye ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi mnaomaliza shule na kwenda kutafuta kazi kwenye maduka ya mjini au mahoteli ya ufuoni Bofa. Yeye angewaita "mwanangu". Mimi nitasema "mdogo wangu", kwa sababu umri haujanipa neno lile, na kwa sababu nina kisa nalo.

Mdogo wangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Ramadhani, alasiri, moto umekolea. Lakini ngoja nikueleze kazi yetu kwanza, usije ukapotea. Mwezi wa Ramadhani mkahawa hauuzi chakula mchana. Tunapika futari ya kuuza jioni: mbaazi za nazi, viazi vya rojo, muhogo, kaimati, sambusa. Bi Zuhura hupika huku amefunga, naye akifunga haonji kabisa. Kwa hiyo chumvi ya chungu kizima inategemea ulimi wa mtu asiyefunga. Jikoni tulikuwa wawili wa namna hiyo, mimi na Mwende. Mimi ni Mgiriama wa Marafa, kijiji cha kaunti hii hii. Mwende ni Mkamba. Mama yake alikuja kutoka Kitui zamani, anauza mitumba hapa mjini.

Siku hiyo Bi Zuhura alichota rojo kwa upawa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko Mwende, na mkono nilikuwa nimeshautoa. Akanipita. Akamtonesha Mwende rojo kwenye kiganja, akasema, "Onja, mwanangu."

Mimi aliniita Kadzo. Pengine "wee Kadzo". Na mwaka wangu wa kwanza pale mimi ndiye niliyekuwa naonja, kabla Mwende hajaajiriwa. Alipokuja tu, kiganja kikawa chake. Sikuambiwa kwa nini, na mimi si mtu wa kuuliza.

Basi wivu ukaniingia, nao ukikaa ndani haukai kimya. Wateja walikuwa wakifika mlangoni wanauliza, "Mwende yupo?" kabla hata ya kusalimu. Mahamri yake yalifura, yangu yalilala. Alikuwa akicheka na watu asiowajua, mimi najificha nyuma ya karai. Siku moja nilijikata na kisu, akaja mbio, akanifunga kitambaa kidoleni. Nikachukia hata vile alivyokifunga vizuri.

Ndipo ikaja habari ya mswada. Tuliisikia redioni, kisha kila mtu akawa anaisimulia kwa namna yake. Bunge la kaunti lilikuwa linataka kutunga sheria ya ajira: kila mwenye biashara, awe wa hoteli au wa kibanda cha chai, sehemu kubwa ya wafanyakazi wake wawe wenyeji. Asiyetimiza, leseni yake haitafanywa upya.

Kazungu, anayetuletea maji kwa mkokoteni, alinikuta nasugua sufuria nje. Akaniinamia kama mtu mwenye siri.

"Kadzo, jitayarishe. Wa bara wanafungasha. Mwiko ule utakuwa wako."

Bi Zuhura alimsikia kutoka dirishani. Akasema ule ni mswada, bado si sheria. Kazungu akamjibu kwamba mswada na sheria ni ndugu.

"Mimba na mtoto pia ni ndugu," Bi Zuhura akasema. "Lakini wewe umeshaandaa karamu ya jina. Tua maji uende."

Kazungu akacheka, akaenda. Mimi sikucheka. Ile karamu nilikuwa nimeshaiandaa moyoni. Nilishajiona nimesimama mahali pa Mwende, nimejifunga leso kiunoni, mkono umetolewa, na Bi Zuhura hana mwingine wa kumtazama. Sikumfanyia Mwende jambo lolote, mdogo wangu. Sikumsema wala sikumwibia. Nilikuwa namngojea tu aondolewe, kama mtu anavyongojea mvua.

Jambo ambalo sikuliona wakati ule ni jinsi mswada ule ulivyokuwa umeshaanza kuuma kabla haujawa sheria. Jirani yetu muuza misumari na mabati alikuwa anataka kijana wa pili dukani, akaacha, akisema hajui atakayeruhusiwa kumwajiri. Mnyapara wa hoteli moja ya Bofa, aliyekuwa akipita kununua sambusa za kupeleka kwao, alisema tajiri wake amesimamisha mikataba mipya yote, ya wa pwani na ya wa bara, mpaka ajue mambo yanaelekea wapi. Bi Zuhura mwenyewe alikuwa na nia ya kuongeza meza za nje baada ya Idi. Akamrudisha fundi seremala, akamwambia asubiri. Watu walikuwa wanaogopa au wanatumaini kitu ambacho hakijazaliwa. Mimi nilikuwa upande wa wanaotumaini.

Ilipotangazwa siku ya wananchi kutoa maoni, Bi Zuhura aliniambia nimsindikize ukumbini, kwa kuwa magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Mwende alibaki na chungu. Njiani nilitembea kwa furaha ambayo nilikuwa naificha usoni. Nilidhani nakwenda kusikia jina langu likiandikwa jikoni.

Ukumbi ulijaa. Wenye maduka mbele, wafanyakazi nyuma, wachuuzi wa ufuoni wamesimama dirishani. Afisa kijana alisoma kwa Kiingereza muda mrefu, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Kila aliposema "wenyeji" watu wa upande wetu walipiga makofi. Na mimi nikapiga, chini chini.

Bi Zuhura akanyoosha mkono. Akainuka kwa kunishika bega.

"Mwanangu," akamwambia afisa, nami hata pale nikaumia kusikia neno lile likimwendea mtu asiyemjua, "nina swali dogo. Huyo mwenyeji ni nani?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akasema mwenyeji si anajulikana tu kwa uso. Afisa hakucheka. Akafungua karatasi zake, akasema kwamba kwa mujibu wa mswada, mwenyeji ni mtu aliyejiandikisha kupiga kura katika wadi ile ile ilipo biashara.

Ukumbini kila mtu akawa anajipima.

"Basi sikiliza," Bi Zuhura akasema. Akanigeuza niwatazame watu. "Huyu ni Kadzo wangu. Ni Mgiriama wa Marafa, hawe, yaani bibi yake, amezikwa huko. Mwaka ule wa kujiandikisha aliniomba ruhusa aende kwao, nikampa. Kura yake iko Marafa. Kwa maneno yako, huyu kwangu ni mgeni. Na msichana mwingine ninaye, wazazi wake ni wa bara, lakini alizaliwa hapa na kura yake iko hapa. Huyo ndiye mwenyeji. Mimi nina wafanyakazi wawili tu. Sasa niambie, huyu nimpeleke wapi?"

Nilitaka ardhi inifiche. Watu wote walikuwa wananitazama, mimi nisiyeweza hata kumuuliza mteja anataka chai ya rangi au ya maziwa. Afisa akaandika. Akasema, "Tumepokea, Bi mkubwa. Hilo litaangaliwa." Mwenye duka mmoja akaanza kulalamika kwamba nusu ya vijana wake wanatoka Magarini, hapa jirani tu, je, nao ni wageni? Kelele zikaanza. Bi Zuhura akaniambia tuondoke, futari haitajipika.

Na unajua nilihisi nini njiani? Si shukrani, ingawa mama yule alikuwa amesimama kwa magoti mabovu kunitetea mimi. Nilihisi wivu ambao sikuwahi kuujua. Hata sheria ilikuwa imempenda Mwende.

Tulipofika, Mwende akauliza mambo yamekwendaje. Bi Zuhura akamweleza yote. Mwende akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Kumbe mwenyeji ni mimi? Kadzo, karibu kwetu. Jisikie uko nyumbani. Viatu acha hapo nje."

Ulikuwa mzaha, na mwingine yeyote angemrushia maganda ya muhogo. Mimi nilikwenda nyuma kwenye magunia ya makaa, nikalia.

Bi Zuhura alinifuata. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaningoja nimalize. Kisha akasema anajua. Alikuwa ameniona siku nyingi.

Akanisimulia kwamba alipokuwa rika langu alipika kwa shangazi yake pamoja na binti mwingine, Mwanaidi. Shangazi alimpenda Mwanaidi, akimsifu mbele ya wageni. Bi Zuhura akawa anamwomba Mungu kila siku Mwanaidi aolewe mbali. Mwanaidi akaolewa Lamu, akaenda. Jiko likabaki kwa Bi Zuhura peke yake.

"Ukafurahi?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza. Halafu nikangoja nisifiwe mimi. Nikangoja sana, Kadzo. Shangazi hakunisifu. Ndipo nikajua kwamba Mwanaidi hakuwa amenizibia chochote. Pale mahali palikuwa wazi siku zote, ni mimi ambaye sikusimama."

Nikamwambia mimi nilisimama, mkono niliutoa, naye akanipita. Sijui nguvu ya kusema hivyo nilitoa wapi.

Akatikisa kichwa. "Mwaka wako wa kwanza nilikupa uonje mbaazi. Ukasema ni tamu. Jioni chungu kizima kikarudi kwa chumvi, wateja wakanitania mpaka Idi. Wewe uliionja chumvi ile. Ulimi wako mzima. Ila uliogopa kuniambia kwamba mimi nimekosea. Mwende ananiambia, 'Bi Zuhura, leo umechota bahari.' Nataka ulimi, mwanangu. Adabu ya kunificha chumvi haitusaidii, mimi wala wewe."

Nilisikia aliponiita hivyo. Yeye nadhani hakusikia mwenyewe, lilimtoka tu. Akainuka, akanishika mkono kunirudisha jikoni. Mwende alikuwa anakoroga, anatuangalia kwa wasiwasi. Akaniambia pole kwa mzaha ule, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Bi Zuhura akachota rojo. Akanitonesha mimi kiganjani.

Nikaonja. Moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko kule ukumbini.

"Haina chumvi," nikasema. "Na ndimu imezidi."

Mwende akapiga kelele kwamba ndimu aliitia yeye. Bi Zuhura akatia chumvi, akakoroga, akachota tena.

"Haya, mwanangu. Sasa je?"

Mdogo wangu, mpaka leo ninapoandika mswada ule bado uko bungeni. Wengine wanasema neno "mwenyeji" litaandikwa upya, wengine wanasema utatupwa. Ukipita kama ulivyo, huenda nikarudi Marafa, na Bi Zuhura amesema atakwenda kusema tena kabla ya hilo. Mwende amesema naye atakwenda, na kwamba yeye kama mwenyeji atasikilizwa. Tunaonja kwa zamu. Na kwa kweli, nikimsikia akiitwa "mwanangu" moyo bado hunichoma kidogo, siwezi kukudanganya.

Haya ndiyo aliyoniambia Bi Zuhura nikufikishie. Usijenge kazi yako juu ya kuondoka kwa mwenzako, wala usishangilie sheria kwa sababu unadhani itampiga yeye. Kwanza uliza maneno ya sheria hiyo yana maana gani, na uulize kabla haijapita, kwa sababu wakati huo ndipo mtu wa kawaida anaposikilizwa. Ukiona umepitwa kazini, muulize mkubwa aliyekupita ni kwa nini. Na ukipewa kuonja, sema ulichoonja, hata kama mkono uliopika ni wa mkubwa wako.

Mungu awape kazi ya halali na bosi mwenye masikio. Awape mwenzenu wa kuwatania bila ubaya, na ninyi moyo wa kumvumilia. Awafungulie milango bila kumfungia mwingine, na mnapokwenda mkaribishwe kama watu wa pale.

Ukiwa umesoma mpaka hapa, tafadhali niandikie, hata mistari miwili, hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu. Niambie unafanya kazi wapi, na hapo kwenu nani anaitwa mwenyeji. Nitakujibu, ingawa nitachelewa, maana naandika polepole.