Mbegu Zilizoliwa Mwamkulu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu walitawanyika kutafuta maisha, mimi nikajifunza kushona. Sababu ambayo sikuwaambia wazazi ni kwamba cherehani haitembei. Inakaa barazani kwetu Ilembo, nami nakaa nayo. Kwa hiyo mvua zikianza na mke wangu akisema karanga zikapandwe shambani kwetu Mwamkulu, mimi huaga kama mtu anayevuka mpaka.

"Babu yako alitoka Burundi kwa miguu," mke wangu huniambia, "wala hakuaga hivyo."

Msimu uliopita niliamua kwenda na binti yetu wa miaka saba. Huyu ni rafiki yangu. Nikirudi kutoka popote, hata dukani, hukimbia kushika keria ya baiskeli na kupekua mfuko wangu kuona nimemletea nini. Jioni ya kuamkia safari tulikaa kumenya mbegu, na mke wangu akaleta majivu kwenye kopo.

"Zichanganye, na pilipili kidogo," alisema. Huku kwetu kila mwenye akili hufanya hivyo, maana anayepanda karanga ni mtoto, na mtoto ni mtoto.

"Mwanangu namjua," nilisema.

"Mimi ndiye nimemzaa. Changanya."

Sikuchanganya. Nilimhurumia mtoto asiwashwe na pilipili, na nilitaka kuonekana baba wa aina yake. Asubuhi nikachelewa kuamka, kama kawaida yangu, tukaondoka bila chai. Yaani nilimpa mtoto mwenye njaa bakuli la chakula, nikamwambia akizike.

Kazi yenyewe ni rahisi. Mimi natangulia na jembe nafungua mashimo, yeye anafuata, anadondosha punje moja, anafukia kwa mguu. Anayetangulia hamwoni anayefuata. Niliimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili, mpaka saa sita. Akasema tumbo linamuuma. Nikasema ni jua, nikamrudisha nyumbani kwenye keria huku namwonea huruma njia nzima.

Siku kumi baadaye nilikwenda peke yangu kuona zilivyoota. Jirani tunayepakana naye, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alikuwa ananisubiri kwa hamu.

"Jirani, shamba lako limeng'oka meno. Mbegu ulipewa na fisi?"

Mistari miwili ya kwanza ilikuwa imejaa vizuri. Wa tatu ulianza kuyumba. Kuanzia wa nne ungedhani karanga zimealikwa na hazikufika. Nilichimba kwa kidole penye pengo moja, halafu jingine. Hakuna kitu, hata kilichooza. Lakini kila shimo lilikuwa limefukiwa na kushindiliwa kwa adabu, kama kaburi la mtu ambaye hajafa.

Kusema kweli nilicheka. Nikaokota masuku, matunda ya porini, njiani, nikayaweka mfukoni, nikarudi nyumbani nikiwaza namna ya kumtania.

Hakuja kushika keria.

Mke wangu alisema tangu aliposikia nimekwenda kuangalia karanga, mtoto amekuwa mtakatifu. Ameosha vyombo bila kutumwa. Amefagia uwanja mara mbili. Mchana amesali kabla ya kula mpaka ugali ukapoa. "Muulize kafanya nini," alisema, "maana huyu si mwanangu ninayemjua."

Kwenye chakula cha jioni alikaa upande wa pili wa mama yake. Nilipomwangalia, aliangalia mboga. Kesho yake ikawa hivyo hivyo: uwanja unang'aa, vyombo vinang'aa, na mimi sina rafiki. Hapo karanga zikanitoka kichwani kabisa. Nilichokuwa nimepoteza hakikuwa shambani.

Na ndipo nilipojiona mwenyewe. Nikikosa sala za jumuiya wiki tatu, kwa sababu tu jumuiya iko nyumba ya nane kutoka kwetu na mimi nimeshavua viatu, wiki ya nne siendi kwa aibu. Ya tano naenda kanisani na fagio kubwa kuliko la mtu yeyote, nafagia hadi nje ya uzio, ili Mungu aone. Miaka yote nilidhani Yeye yuko kule juu anahesabu mashimo matupu. Haikunijia kwamba huenda anauliza tu mbona siku hizi sishiki keria. Mimi ni mshonaji mvivu wa Ilembo, na moyo wangu ulikuwa unaniuma kwa ajili ya mtoto aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu. Kama upendo wa mtu wa namna yangu unafika hapo, basi wa Baba yetu sijui unafikia wapi. Mfano wangu una kasoro moja tu: Mungu asingesahau chai ya asubuhi.

Nilimkuta binti jikoni anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nikakaa kwenye kigoda.

"Shamba nimeliona," nilisema.

Akaacha kusugua. "Zimeota?"

"Zilizopandwa zimeota."

Alilia bila sauti kwanza, halafu kwa sauti. "Nilikula, baba. Nilikula nyingi."

"Najua."

"Mpaka tumbo likauma."

"Na mimi nikasingizia jua. Jua la watu halina kosa."

Hakucheka. Alijifuta kwa mkono wenye majivu ya sufuria, uso nao ukawa kazi nyingine ya kuosha. "Sasa shambani utakuwa unaenda na nani?"

Kumbe alikuwa na woga huo. Fimbo hakuwa ameiwaza kabisa.

"Na wewe," nilisema. "Kesho tunarudishia mapengo. Nani mwingine anajua yalipo?"

Asubuhi mke wangu alisimama mlangoni na kopo lake. "Nyie wawili! Unampa panya ghala mara ya pili? Chukua majivu."

"Tumekunywa chai," nilimjibu, "na viazi tumekula." Kopo likabaki mkononi mwake. Alitikisa kichwa, lakini nilimwona anatabasamu akigeuka.

Mwamkulu safari hii binti ndiye aliyetangulia. Alikuwa ananionyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa pote mpaka kwenye kisiki. Jirani akapaza sauti kutoka kwake, "Jirani, leo umeleta daktari wa meno!" Binti akacheka mpaka mapengo yake mwenyewe yakaonekana.

Tulipomaliza mstari wa mwisho alinijia amefumba kiganja. Akakifungua. Punje nne.

"Zimebaki," alisema.

"Basi kula."

Aliniangalia kuhakikisha sitanii. Akala mbili polepole, akanipa mbili.