Mimba ya Foleni ya Maabara

Wacha nijicheke kwanza kabla hamjanicheka: mimi ndiye yule mwanamke wa Rodi Kopany aliyeombewa mimba kanisani, mimba ambayo haikuwepo.

Nilikuwa nimeenda Homa Bay kupimwa damu, sukari, insulini na homoni, na nimeambiwa nisile kitu tangu jana yake usiku (mimi, ambaye hula mandazi nikienda kununua mandazi!), foleni ndefu, njaa inanikata, na hili tumbo langu lililoanza kutokeza tangu hedhi ianze kupotea miezi mizima likajichora vizuri ndani ya dera. Mama mmoja akapaza sauti, "Woi, huyu ako na mtoto, mwacheni apite!" Ningekataa tu, yangeisha. Nikajishika kiuno, nikapita mbele nikitembea kama bata.

Kumbe nyuma yangu kulikuwa na jirani yetu. Kufika nyumbani, mama mkwe, ambaye juzi tu alikuwa akimwambia mume wangu Ochieng' aoe nyachira, yaani mke wa pili, kwa sababu mimi sizai, ameshachinja kuku. Nikasema nitamweleza nikishamaliza paja. Nikamaliza, nikaongeza ugali, sikusema.

Ijumaa majibu yakatoka. Daktari akanieleza pole pole: insulini yangu iko juu kwa sababu mwili hauisikii vizuri, na hiyo insulini nyingi inachochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, ndiyo maana mayai hayakomai, hedhi inapotea na kidevu kinaota ndevu. "Si laana, mama. Inatibiwa, na wengi kama wewe huzaa." Nililia kwa furaha pale pale, kwa sauti, bila haya.

Sabato ikafika. Mchungaji akaniita mbele, akina mama wakaanza wimbo, mama mkwe anapunga leso, na mikono mitatu tayari iko juu ya tumbo langu inaomba! Nikaomba kipaza sauti.

"Hakuna mtoto," nikasema. "Ilikuwa njaa."

Basi, kwa kuwa maji nilishayavulia nguo, nikayaoga: nikawaeleza yote, insulini, ovari, mpaka ndevu ninazong'oa kwa kibano. Shemasi mmoja mama mzima akafungua kitambaa, akashika kidevu, akauliza, "Na hizi zangu pia ni homoni?" Watu wakavunjika mbavu. Baada ya ibada nilizingirwa na wanawake nje, kila mmoja anataka kujua kliniki ni siku gani, nami najibu kifua mbele utadhani nimesomea udaktari.

(Lakini nimeapa: uongo sitaubeba tena, hata kwa njaa ya namna gani.)

Mama mkwe alitembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka. Nyumbani nikaingia chumbani nikijua nguo zangu zinanisubiri nizifungashe. Akanifuata, akaketi kitandani.

"Nyar Uriri," akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Uriri, "mimi nimenyoa ndevu kwa wembe tangu nikiwa msichana. Nilimzaa Ochieng' peke yake, baada ya miaka mingi, na kabla sijamzaa nilikuwa nimeshaletewa nyachira." Akajifuta macho kwa leso. "Wewe hutaletewa. Nitamwambia Ochieng' mimi mwenyewe."