Sauti Iliyokuja na Fimbo

Mimi sijawahi kuogopa watu. Nasema hivi bila haya, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono kufika hapa. Niliondoka nyumbani nikiwa nimefeli kidato cha nne. Nikabeba viroba vya mawe ya dhahabu machimboni Makongolosi, nikauza mitumba sokoni Mwanjelwa nikiwa nimesimama juu ya meza, nanadi tangu asubuhi mpaka koo linakauka. Mitihani niliirudia kwa jasho langu. Leo nimerudi Mbeya na diploma ya ualimu, na walionicheka huniita mwalimu.

Kwa hiyo chuoni, kule Iringa, wenzangu walipotetemeka kabla ya kusimama mbele ya darasa, mimi nilijitolea kuanza. Mkufunzi wa saikolojia alituambia haiba ya mtu huzaliwa naye: yupo wa kusema na yupo wa kunyamaza. Nilimpinga palepale. Nikasema kuongea ni kazi kama kulima, anayeiona ngumu hajalala na njaa. Darasa zima lilicheka, isipokuwa dada mmoja wa Kibena aliyekaa mbele yangu.

Dada huyo alituzidi wengi akili. Lakini akiitwa mbele, shingo ilimlowa jasho na sauti ikashuka mpaka ikawa ya mtu anayeomba peke yake. Mwaka uliotangulia alifeli mazoezi ya kufundisha kwa sababu hiyo. Mkufunzi aliyekuja kumkagua alikaa nyuma ya darasa asisikie neno. Chuo kilimpa nafasi moja ya kurudia. Akifeli tena, anarudi kwao bila cheti.

Tulipangiwa shule moja ya msingi, njia ya kwenda Mgololo, ambako malori ya magogo yakipita vioo vya madirisha hutetemeka. Yeye alipewa Darasa la Nne, mimi la Tano. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kimya chake, kisha zogo la watoto, kisha kimya chake tena.

"Kaka, nifundishe hiyo sauti yako," aliniambia siku moja tukinywa uji ofisini.

"Haifundishwi, dada. Yangu nimeichimba sokoni."

"Kwa hiyo na mimi nikanadi mitumba?"

Tukacheka. Mwalimu mwenyeji aliyemsimamia, mama aliyekaribia kustaafu, hakucheka. Alichukua fimbo ya mti wa mlingoti iliyoegemea kabati, akaiweka mezani mbele ya dada.

"Shika hii, mwanangu."

"Mama, sisi wanachuo haturuhusiwi."

"Nani kakwambia upige? Shika tu. Wakiiona watatulia, na wewe utapata pa kuweka hiyo mikono."

Kesho yake, katikati ya kipindi changu, nilisikia sauti ya mwanamke ikipita kwenye mbao, safi, imenyooka. Nilikatiza sentensi yangu. Hata wanafunzi wangu waligeuka kuutazama ukuta. Nilifurahi kama ndugu.

Halafu neno likamkwama, na mtoto mmoja akacheka.  Nikasikia fimbo ikitua kiganjani mwa mtoto, mara moja, na baada yake sauti ya dada ikaendelea, juu kuliko mwanzo.

Tangu siku hiyo, kila neno lilipomkwama, fimbo ilitangulia. Nilimfuata uwanjani baada ya vipindi.

"Dada, iache sasa. Sauti unayo."

"Nikiiacha inaondoka. Jana niliiweka mezani, nikasahau hata somo lenyewe linaitwaje."

"Unawaumiza watoto wa watu."

"Wewe hujawahi kuogopa, kaka, unasema mwenyewe kila siku. Usinipangie."

Nilikwenda kwa mama yule. Akaniambia sote tumelelewa hivyo na hakuna aliyekufa.

Siku ya ukaguzi, mkufunzi alikaa dawati la nyuma. Fimbo ilikuwa imeegemezwa pembeni ya ubao, hakuigusa. Watoto walijua ilipo. Nilisikiliza kipindi kizima kupitia ukuta, na sauti yake haikukatika hata mara moja. Hakuna mtoto aliyekohoa.

"Umebadilika, mwalimu," mkufunzi alimwambia ofisini. "Darasa unalimudu. Nidhamu kama hii sijaiona msimu huu."

Mama akapiga vigelegele. Dada akatazama sakafu, kisha akacheka kwa furaha kweli, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Alikuwa amefaulu.

Siku iliyofuata aliitwa chuoni, nikapewa darasa lake. Niliingia na utani wangu wa kila siku, ule unaowaangusha wanafunzi wangu kwa kicheko. Wakasimama, wakaamkia, wakaketi. Nikauliza swali ambalo mtoto yeyote wa Iringa analijua: mto gani unapita kando ya mji wa Iringa? Hakuna aliyenyoosha kidole. Nikauliza tena, nikamtaja msichana wa dawati la pili. Alisimama, akafungua mdomo, machozi yakamtoka. Nikamwambia aketi.

Nikageukia ubao niandike tarehe. Nilipoinua mkono, kijana wa mbele kabisa alijifunika kichwa kwa daftari. Mkononi nilikuwa na chaki tu.

Nikaushusha mkono polepole. Tarehe nikaiandika chini, ukingoni mwa ubao, ambako haikunilazimu kuinua mkono.