Amri Alizopewa Bata

Mie ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule nilikuwa na sababu. Mwalimu wangu wa chuoni Dar alikuwa akikusanya namna watu wa lugha mbalimbali wanavyoamrishana, yaani kitenzi kinavaa nini na kinavua nini mtu anapomwambia mwenzake lima, kaa, ondoka. Fungu langu lilikuwa Kindengereko. Nilitakiwa nipeleke sentensi hamsini za amri kabla mwezi haujaisha, la sivyo tasnifu yangu inasogezwa mbele, na ilikuwa imeshasogezwa mara mbili. Nyumbani Kibiti mke wangu alikuwa hajamwona mama yake miaka miwili kwa ajili ya tasnifu hiyo hiyo. Kila akiuliza tutakwenda lini kwao Maparoni, nilimjibu "tukimaliza," kana kwamba naye alikuwa akiandika.

Nilianza na mzee mmoja jirani yetu, Mndengereko wa kuzaliwa. Alipoona kinasa sauti akaenda kuvaa kanzu, akakohoa, akanipa amri zote hamsini kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Nikimwomba Kindengereko ananitazama kwa huruma, ati msomi mzima nataka maneno ya shambani. Mwalimu alisikiliza dakika mbili akanipigia simu. "Nitafutie mtu anayegombana kwa lugha yake," akasema. "Usinirudie na mtangazaji."

Mtu huyo nilikuwa namjua. Alikuwa mama mkwe wangu.

Mtu mwenye akili timamu angesita hapo hapo. Mimi nikaona nimepata. Mke wangu aliposikia nakwenda Maparoni akaanza kufunga begi, nami nikamwambia safari hii ni ya kazi, mkikutana nyie wawili mtapiga soga tu na mimi nitarudi na soga. Akatoa kanga zake begini moja moja, akazirudisha kabatini. Na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amenielewa. Nikapanda boti Nyamisati peke yangu.

Mama mkwe alinipokea kwa heshima zote, na heshima ndiyo iliyoniponza. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawali sinia moja, na yeye hamtumi mkwe hata kuokota kijiko. Basi akakaa ndani ya mlango, mimi nikakaa nje mkekani, tukaelekeza macho yetu uani kwenye mpunga ulioanikwa.

"Mama," nikaanza, "ukitaka mtu alime, kwa Kindengereko unamwambiaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Huyo simjui."

"Basi tuseme ni mimi."

Nikasikia anavuta kanga yake. "Astaghfirullah. Nikutume shamba wewe, mkwe wangu? Na majirani wanasikia?"

"Mfano tu, mama."

Akafikiri, kisha akatoa sentensi ndefu ya Kindengereko. Nikaiandika kwa furaha mpaka nilipofika mwisho wake: kama mkwe wetu hana udhuru, na kama jua si kali, jembe liko nyuma ya nyumba, wala si lazima.

Ikaingia adhuhuri nina sentensi kumi na moja za adabu na sina amri hata moja. Nikamwambia basi tuseme unamtuma mtoto. Akasema mtoto ana mama yake, atamtuma mwenyewe. Nilipandwa na hasira, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka, maana mbele ya mama mkwe hata kushusha pumzi kwa nguvu ni utovu wa adabu. Nikabaki nachonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongeka.

Hapo bata dume akapanda juu ya mpunga. Mama mkwe akamfokea neno moja tu, kitenzi uchi kabisa, hakina kiambishi mbele wala nyuma. Bata akashuka. Vinyweleo vilinisimama. Vitabu vinne nilikuwa nimevisoma kuhusu kitenzi cha namna ile.

"Mama," nikasema, "usiseme na mimi. Sema na bata."

Nikamfunga bata mguu kwenye nguzo ya jiko, nikaweka kinasa sauti karibu yake. Mwanzo mama mkwe aliona haya. Alipozoea, hakuna aliyemsimamisha. Siku mbili alimwamrisha bata kwa ukali mtamu, saa nyingine ananyanyuka kabisa na kumnyooshea kidole, na mimi ubavuni nampongeza: vizuri sana mama, nyingine. Bata alivumilia. Niliondoka Maparoni na sentensi arobaini na moja, nikasema tisa zilizobaki mke wangu ataniongezea.

Sasa lazima nikiri jambo. Mie Kindengereko nakijua kama fundi saa anavyoijua saa: nikiifungua nitakutajia kila kidude, ukiniuliza saa ngapi nababaika. Siku zile mbili nilikuwa nasikiliza viambishi. Kilichokuwa kinasemwa kilipita.

Kibiti, siku nne kabla ya tarehe ya mwisho, nikawasha kinasa sauti, mke wangu akakaa nami anitafsirie. Kwenye sentensi ya tatu akaanza kucheka.

"Bata, amka, jua limeshapanda," akatafsiri. "Bata, punguza kusema. Bata, paa la jiko linavuja, panda ukaezeke. Bata, maliza hiyo shule, ndevu zimeota mvi." Akaniangalia. "Bata gani huyo ana ndevu?"

Nikamweleza kwa utulivu wa kitaalamu kwamba katika utafiti mzungumzaji huachwa atunge apendavyo. Akaanguka kwenye mkeka akicheka, hana mbavu, akaniomba nirudishe ile ya kupunguza kusema. Nikarudisha. Nikairudisha tena. Moyoni nilikuwa nafoka, ila na mimi kicheko kilinishinda ilipofika ile ya kumkataza bata kuweka sukari vijiko vitano.

Tukafika sentensi ya mwisho. Mke wangu akainuka, akakaa vizuri.

"Bata, mlete mwanangu nimwone," akasema. "Usinifichie."

Kisha akalivuta daftari langu. Sentensi ile nilikuwa nimeizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: mfano mzuri sana, kiambishi cha mtendwa kinaonekana wazi.

"Ulikuwa umekaa pale pale," akasema taratibu. "Anakwambia hivi. Na wewe ukaandika mfano mzuri sana."

Niliona haya, haya ya kweli, ya kutaka kutoka nyumbani kwangu mwenyewe. Nikaanza kusema zimebaki siku nne na sentensi tisa tu, zikiisha hizo tu... nikajisikia ninavyosema, nikainuka. Nikaenda kabatini nikamshushia begi.

Mwalimu nilimpigia tukiwa Nyamisati. Alinisikiliza, akasema amesikia udhuru mwingi maishani lakini wa bata bado, na tasnifu yangu akaisogeza mara ya tatu. Siku nyingine ningebishana naye mpaka chaji iishe.

Tulifika Maparoni maji yamekupwa, tukashuka topeni. Mama mkwe alikuwa anatoka kisimani, akatuona, akatua ndoo. Wakashikana pale pale, wanalia, wanaulizana mambo kumi kwa pamoja na hakuna anayemjibu mwenzake. Mimi nikasimama nyuma na begi kichwani, macho chini kama inavyotakiwa, nikifikiri miaka miwili ni mingi kiasi gani kwa mtu anayesubiri. Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa ananitazama usoni juu ya bega la mwanawe, mara ya kwanza tangu nioe. Akaniambia kwa Kindengereko neno moja tu: njoo.

Nikalitua begi, nikaenda.