Kilo Nne za Nyaya

Kabla hajawa nesi, Koleta alikuwa punda wa mama yake. Kule Usangi alikozaliwa kila njia inapanda au inashuka, na mizigo hupanda kichwani mwa mwanamke. Alipofika miaka kumi na miwili alilijua debe la mahindi kwa shingo yake: kilo kumi na nane, zikizidi umeonewa. Ujuzi huo alishuka nao tambarare, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, alipopangiwa kazi kwenye zahanati ya kijiji kipya upande wa Bendera. Alikuwa akimnyanyua mtoto kwa mikono miwili, anafumba macho, anataja kilo. Mtoto akiwekwa kwenye mizani, mizani inakubali. Kina mama wakacheka na kupiga makofi.

Kumbe mchezo ule ulikuja kuua. Siku mizani imechukuliwa kwenda kwenye chanjo, aliletwa binti wa wafugaji ana degedege. Koleta alimnyanyua vile vile alivyo, na ngozi yake ya ng'ombe na nyaya za chuma zilizozungushwa mikononi na miguuni, akataja kilo, dawa ikavutwa kwa kilo hizo. Degedege likatulia. Baada ya muda mfupi na pumzi ikatulia. Wazazi walisema ni kazi ya Mungu. Koleta alijua ni nyaya, uzito wake ndio uliozidisha dawa, akanyamaza, na akaapa kwamba hatakadiria tena mtoto mpaka amvue kila kitu. Hakuwauliza wenye nyaya wanasemaje.

Mwaka wa ukame, 1975, ng'ombe waliingia shamba la kijiji na kula mahindi machache yaliyokuwa yamebaki. Saa nne asubuhi wakulima walikuwa wametoka na mapanga, wafugaji na sime na rungu, na hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Majeruhi wa pande zote walikimbizwa zahanati moja, wakakalishwa benchi moja, basi vita ikahamia ndani. Mtu mmoja alipigwa na ubao wa benchi mpaka jicho likatoka. Mwingine alikatwa bega akiwa bado anafungwa bandeji ya mguu. Rungu likaipiga mizani ukutani, vioo vikamwagika juu ya damu. Eliufoo, mganga wa zahanati, bingwa wa hotuba za kujitegemea, alijitegemea kupitia dirishani. Ugomvi ulipomwagikia tena uwanjani, Koleta aliufunga mlango wa mbele kwa komeo.

Mlango wa nyuma ukapigwa teke. Aliingia mfugaji mmoja, Sankale, sime mkononi, na mkewe Nalangu amembeba binti yao Nashilu. Jiwe la kombeo lilikuwa limempata mtoto juu ya sikio. Alikuwa amekakamaa, macho meupe, povu lenye damu likimtoka, mwili ukirukaruka.

"Mchome sindano," Sankale alisema. "Haraka!"

Dawa ilikuwepo. Ikiwa kidogo, mtoto angekufa akirukaruka vile vile. Ikizidi, angelala kama yule wa kwanza. Koleta alimnyanyua: kilo ishirini na mbili, na si zote za mtoto, maana naye alikuwa na nyaya mikononi na miguuni. Akashika waya wa mkononi aufungue.

Sime ikamgusa shingoni. Alihisi damu ikimtiririka hadi kifuani.

"Kwetu anayevuliwa ni maiti," Sankale alisema. "Ukimvua umemzika. Na mimi nakuzika wewe."

"Mzee, nisipomvua sijui uzito wake! Nitamuua!"

"Basi wote mtakufa."

Koleta aliiogopa sime, lakini zaidi ya sime aliogopa kukisia. Huko nje walikuwa wameanza kuupiga mlango wa mbele kwa mashoka, wakimtaja Sankale kwa jina.

Ndipo Nalangu alipomlaza mtoto mezani. Akashika nyaya zake mwenyewe, akazivuta kwa nguvu, ngozi ikichubuka, akazitoa zote za mkono wa kulia, kisha akaongeza chache za kushoto, akizilinganisha na za bintiye.

"Nalangu!" mumewe alipiga kelele. "Unamwombolezea nani?"

"Sijui," alijibu. Akamwekea Koleta nyaya mikononi. "Dada nesi, ni sawa na zake. Pima."

Koleta alifumba macho. Kilo nne. Akamnyanyua mtoto tena, akatoa nne: kumi na nane, debe la mahindi. Akavuta dawa, akamchoma pajani.

Mlango wa mbele ulianza kupasuka.

"Mzee, wakiingia sasa hivi mtoto anakufa," Koleta alisema. "Lazima nimwangalie pumzi."

Sankale alimtazama binti yake. Kisha akatoa komeo, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Walisikia chuma kikigonga chuma, mtu akilia, tena mwingine, halafu vishindo vizito kama vya kupasua kuni, vingi mno kwa mtu mmoja. Koleta hakuthubutu kuinua kichwa, alihesabu pumzi. Mtoto alilegea. Pumzi ilisimama, kisha ikarudi, ndefu, na nyingine ikafuata. Huko nje kulikuwa kimya. Waliofanya kazi ile hawakuingia, walikuwa wameshamaliza.

Nalangu alitabasamu, akachukua nyaya zake mezani, akaanza kuzivaa. Mlango ukafunguka wenyewe kwa uzito uliokuwa umeuegemea, na Sankale akaangukia ndani, kichwa kikining'inia kwa ngozi.

Nalangu hakulia. Alizivua zile chache alizokuwa amekwishavaa, akazirudisha mezani zote.

"Kaa nazo," alimwambia Koleta. "Utampimia mwingine."

Koleta alikaa nazo kwenye droo mpaka alipostaafu. Kila alipoletwa mtoto wa wafugaji, alizinyanyua kwanza, halafu mtoto.