Nilikata Njia za Faili, Nikafuta Sauti ya Mama

Makosa ni yangu. Msinitafutie shetani, ni mimi na kiherehere changu! Jina sitaji, maana hapa Minnesota sisi Wakenya tunajuana.

Mama alikuja kukaa kwa dada yangu Lakeville, miezi mitano. Wajukuu wake ni wanne: Abi wangu na watatu wa dada. Wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu Kizungu, kwa hivyo Mama akaamua kuwaachia maneno ya kusikiliza wakishakua. Alijifungia chumbani na simu ya dada, akarekodi. Kila mtoto akapata folda yenye jina lake, na ndani rekodi tatu: 01, 02, 03.

Dada, na shifti zake za kutunza wazee nursing home, hakupata nafasi ya kuzisikiliza. Akanipa nizitunze kwa sababu eti mimi ndiye mtu wa kompyuta. Nikamwambia, "Futa zako, kwangu ziko salama." Naye akafuta. Salama! Mdomo huu!

Baadaye diski yangu ikajaa na nina kazi ya chuo. Nikafungua terminal, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri, nikatafuta faili zote za sauti. Zikaja na njia ndefu, folda ndani ya folda, mpaka zikanikera. Nikaongeza kipande cha amri cha kukata njia, libaki jina la faili tu. Nikaona 01 mara nne, 02 mara nne, 03 mara nne. Nikacheka! "Huyu dada naye, kitu kimoja anakiweka mara nne?"

Nikaandika amri ibakize ya kwanza ya kila jina, zingine zote zifutwe. Sikufungua hata moja. Hata moja, jamani! Na terminal haina pipa la takataka, ukifuta umefuta.

Mama alirudi nyumbani, na haikupita miezi mitatu akafariki. Makaratasi yetu hayakuturuhusu kusafiri, basi siku ya mazishi tukakusanyika kwa dada, sebule imejaa watu wa kanisa. Dada akasema, "Hebu weka zile sauti za Mama, watoto wasikie."

Folda ya Abi ikacheza vizuri. Ya Ian, tupu. Ya Joy, tupu. Ya Tash vilevile. Abi ndiye anayetangulia kwenye orodha, ndiyo maana zake zilibaki. Yaani nilihifadhi za mtoto wangu, nikafuta za watoto wa dada!

"Ulifanya makusudi?" dada akaniuliza mbele ya watu. Nikaanza kueleza mambo ya njia na majina, nikajisikia mjinga. Mzee mmoja akasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi gani? Mungu ndiye aliyebonyeza Enter? Nilimjibu hivyo hivyo, na sijamwomba msamaha.

Diski niliipeleka kwa fundi mmoja kule Saint Paul. Akasema kazi yangu ya chuo imeshaandikwa juu ya sauti za Mama. Kazi yenyewe nilipata B. Ptuu!

Wewe unayejiona mjanja wa terminal, nisikie. Ile njia ndefu inayokuudhi ndiyo inayokuambia faili ni ya nani. Usifute kitu kwa kuangalia jina tupu! Fungua usikilize kwanza, na uweke nakala mahali pengine.

Joy ana miaka sita. Jumapili aliniuliza, kwa Kizungu chake, kama Shosho, yaani nyanya yake, alimwachia yeye neno. Nikamwambia ndiyo, alikuachia.

"Basi niambie, Uncle."

Nilikaa nalo miezi mizima, na sikuwahi kulisikiliza.